Jino la Mtoto Likioza, Usingoje Ling'oke Lenyewe



Mtoto wa miaka mitatu au minne akiamka usiku analia na kushika shavu, akikataa posho na kutaka chai iliyopoa tu, wengi wetu husema: "Ni meno ya maziwa hayo, yataanguka tu." Tunampa dawa ya maumivu, analala, na asubuhi tunasahau. Baada ya wiki mbili kilio kinarudi.

Makala hii ni kwa ajili yako wewe unayelea mtoto ambaye hajaanza shule ya msingi, iwe unaishi katika chumba cha kupanga Katwe, Nsambya au Bwaise hapa Kampala, au katika makambi ya Nakivale, Kyaka II, Kyangwali na Rwamwanja. Tunataka ufahamu jambo moja: jino la maziwa lililooza ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine wowote. Halijiponyi lenyewe. Lakini likigunduliwa mapema, linaweza kuzuiwa kwa gharama ndogo, na kazi kubwa hufanyika nyumbani.

TATIZO NI KUBWA KIASI GANI?

Katika taarifa yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa duniani, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watoto milioni 514 wana meno ya maziwa yaliyooza. Wengi wao hawapati matibabu yoyote.

Kwetu sisi wakimbizi kuna sababu za ziada. Mtu aliyekimbia vita huwaza kwanza chakula, kodi ya nyumba na karatasi zake. Mama huondoka alfajiri kwenda kuchuuza vitenge au kufua nguo za watu, na mtoto hubaki na dada yake mwenye miaka minane. Ili anyamaze, hupewa peremende, mandazi au chupa ya chai yenye sukari nyingi. Hakuna anayefanya hivyo kwa ubaya. Ila meno ndiyo yanayolipa.

KAZI YA MENO YA MAZIWA

Mtoto huwa na meno ya maziwa 20. La kwanza huota akiwa na umri wa miezi sita hivi, na yote huwa yametoka akifika karibu miaka mitatu. Meno ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka sita au saba. Lakini magego ya nyuma, yale ya kutafunia, hukaa mpaka miaka 10, 11, hata 12.

Sasa piga hesabu. Gego la mtoto wa miaka mitatu likitoboka leo, nawe ukasema "litaanguka", utakuwa unangoja miaka saba au zaidi. Mtoto hawezi kuishi miaka saba na kidonda mdomoni.

Meno haya yana kazi nne:

- Kutafuna. Mtoto mwenye maumivu hachagui chakula kwa njaa yake, huchagua kile kisichomuumiza. Huacha maharagwe, nyama na mboga, akabaki na uji na chai. Kwa mtoto ambaye chakula chake ni kidogo tangu mwanzo, hilo ni jambo zito.
- Kusema. Meno ya mbele humsaidia kutamka maneno vizuri wakati anapojifunza lugha.
- Kulinda nafasi. Kila jino la maziwa hushika mahali pa jino la ukubwani. Likitoka mapema mno, meno ya jirani huinama na kuziba njia, na jino jipya huota kombo.
- Kulinda jino lililo chini. Jino la ukubwani hukua ndani ya taya, chini ya mizizi ya jino la maziwa. Usaha ukikaa hapo muda mrefu, unaweza kuliharibu kabla halijatokeza.

Tena kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Akiwa na miaka sita hivi, mtoto huota gego kubwa nyuma kabisa ya meno ya maziwa, bila jino lolote kung'oka kwanza. Wengi hudhani nalo ni la maziwa. Sivyo. Hilo ni la maisha yote, na likiota katika kinywa kilichojaa meno mabovu, huwa katika hatari ya kuoza mapema.

JINO HUOZAJE?

Katika kila kinywa kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivi hupenda sukari. Mtoto akila kitu kitamu, vijidudu hula pamoja naye na kutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya jino kidogo kidogo. Mate hufanya kazi ya kuisafisha na kurudisha madini, lakini huhitaji muda, kama nusu saa au zaidi baada ya kila mlo.

Kwa hiyo linalodhuru zaidi ni mara ngapi mtoto anapata sukari kwa siku. Akinywa soda mara moja pamoja na chakula cha mchana, mate yatapata nafasi ya kufanya kazi. Akizunguka na peremende tangu asubuhi hadi jioni, au na chupa ya juisi anayoinyonya kidogo kidogo, kinywa chake hakipumziki hata mara moja.

Usiku ni hatari zaidi, kwa sababu mate hupungua mtu anapolala. Mtoto anayelala na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari, chai au juisi mdomoni, meno yake huogelea katika utamu huo usiku kucha. Ndiyo maana meno ya juu ya mbele huoza kwanza.

INUA MDOMO WA MTOTO UANGALIE

Chagua siku moja kila mwezi. Kaa mahali penye mwanga, mlaze mtoto kichwa chake kikiwa mapajani mwako, kisha inua mdomo wake wa juu kwa kidole. Tazama meno ya mbele karibu na fizi, halafu afunue kinywa uangalie magego. Kazi hii ni ya dakika moja.

Utaona mojawapo ya hali hizi:

1. Meno yanang'aa, fizi ni safi. Endelea na kinga.
2. Kuna mstari au madoa meupe kama chokaa karibu na fizi. Huu ndio mwanzo wa kuoza. Bado hakuna shimo na mtoto hasikii maumivu. Ukianza leo kupiga mswaki kwa dawa yenye floraidi na kupunguza vitamu, jino linaweza kuwa gumu tena. Hii ndiyo nafasi nzuri kuliko zote, na ndiyo wengi wanayoikosa.
3. Kuna doa la kahawia au jeusi, au shimo. Mtoto huumwa akila kitu kitamu au cha baridi. Mpeleke kituo cha afya sasa, usingoje maumivu ya usiku.
4. Jino limevunjika, limebaki kisiki, au fizi ina kijipu kinachotoa usaha. Hapa ugonjwa umefika kwenye mzizi. Mpeleke wiki hii hii, hata kama kwa sasa mtoto haliī. Maumivu yakikoma ghafla, mara nyingi maana yake ni kwamba mshipa wa ndani ya jino umekufa, na usaha unaendelea kimya kimya.

SI MINYOO, WALA SI "EBIINO"

Wazee wetu katika nchi nyingi walisema jino hutobolewa na mnyoo. Hakuna mnyoo ndani ya jino. Anayekuonyesha mnyoo aliyeutoa kwenye jino la mwanao anakudanganya ili umlipe.

Jambo la pili ni zito zaidi. Hapa Uganda kuna imani kwamba mtoto mchanga mwenye homa au kuhara ana meno mabaya ndani ya fizi. Waganda na watu wa magharibi huyaita ebiino. Wanyarwanda husema ibyinyo, na Tanzania yamejulikana kama meno ya plastiki. Mtu huitwa aje kuyachimba kwa kisu, spoku ya baiskeli au chuma kingine. Anachokitoa, kile kinachoonekana kama kitu cheupe laini, ni chipukizi la jino la kawaida la mtoto ambalo halijaiva bado. Linaloharibika ni jino lenyewe, na mara nyingine hata lile la ukubwani lililo chini yake. Watoto wamekufa kwa kutokwa damu nyingi, kwa pepopunda na kwa vijidudu kuingia katika damu.

Mtoto wa miezi sita anayehara au mwenye homa ana ugonjwa unaojulikana: malaria, maji machafu, nimonia. Anahitaji maji ya chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji mwilini (ORS), kipimo cha malaria na dawa. Jirani akikushauri "umchimbe ebiino", mshukuru kwa kukujali, kisha mbebe mtoto uende kituo cha afya.

KINGA YA NYUMBANI

Anza jino la kwanza linapotokeza. Kabla ya hapo, pangusa fizi kwa kitambaa safi chenye maji.

- Piga mswaki mara mbili kwa siku, na ule wa usiku kabla ya kulala usikose. Baada ya hapo mtoto asipewe kitu kingine ila maji, au ziwa la mama kama bado ananyonya.
- Tumia dawa ya meno yenye floraidi. Soma kwenye tyubu, utafute neno fluoride. Hakuna haja ya dawa ya watoto ya bei ghali. Ile ya nyumba nzima inafaa, kinachotofautiana ni kiasi.
- Mtoto chini ya miaka mitatu: weka dawa kiasi cha punje moja ya mchele. Miaka mitatu hadi sita: kiasi cha punje ya njegere. Kwa kipimo hiki tyubu moja ndogo hukaa muda mrefu.
- Mfundishe kutema povu, lakini asisukutue kwa maji mengi. Dawa kidogo inayobaki ndiyo inayoyapa meno nguvu. Kwa wanaonunua maji kwa jerikeni hii ni habari njema, kwani nusu kikombe kinatosha.
- Mpigie mswaki wewe mwenyewe mpaka afike miaka saba hivi. Mkono wa mtoto mdogo haufiki nyuma. Simama nyuma yake, egemeza kichwa chake kwako, anza na magego.
- Kila mtoto awe na mswaki wake. Weka alama ya uzi wa rangi ili usichanganyike.

Kama siku hiyo dawa imekwisha, tumia mswaki na maji matupu, au mswaki wa mti uliotafunwa ukawa laini. Hivyo husafisha uchafu, ingawa havina floraidi. Usitumie mkaa, majivu wala mchanga, kwani hukwaruza meno.

Kuhusu chakula: vitamu vitolewe pamoja na mlo, visiwe vya kutwa nzima. Punguza sukari kwenye chai ya mtoto kijiko kimoja leo, kingine wiki ijayo, naye atazoea. Badala ya peremende za mia mia, mnunulie ndizi, kipande cha muwa baada ya chakula, karanga zilizopondwa au yai. Mtoto mdogo asipewe karanga nzima, zinaweza kumkaba. Kiu ya mtoto inatosha kukatwa kwa maji safi.

Mama anayenyonyesha, usiache. Maziwa yako ndiyo chakula bora, na ushauri wa WHO ni kunyonyesha hadi miaka miwili na zaidi. Mpigie mtoto mswaki kila jioni, basi.

Na yule anayebaki na mtoto mchana, awe bibi, shangazi au dada mkubwa, mweleze haya yote. Kinga haiwezi kusimama ikiwa mmoja anapiga mswaki na mwingine anatoa peremende.

JINO LIKIWA LIMESHATOBOKA

Wengi huogopa kwenda kwa mganga wa meno kwa kudhani atang'oa tu. Siku hizi kuna njia nyingine.

Shimo dogo huweza kuzibwa bila mashine na bila umeme. Mganga hukwangua sehemu laini iliyooza kwa vyombo vya mkono, kisha hujaza dawa inayoshikamana na jino na kutoa floraidi. Njia hii ilianzia jirani kwetu, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya mahali pasipo na umeme. WHO iliitangaza duniani mwaka 1994. Mara nyingi haihitaji sindano, kwa hiyo watoto huivumilia vizuri.

Dawa nyingine ni maji ya madini ya fedha na floraidi, ambayo hupakwa juu ya jino lililooza ili kuzuia lisiendelee. Mwaka 2021 WHO iliiweka dawa hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na ile ya kuzibia, katika orodha yake ya dawa muhimu. Sehemu iliyooza hugeuka nyeusi na kubaki hivyo. Usishtuke, weusi huo ni alama ya dawa. Si kila kituo kinayo, lakini ni vizuri kuuliza.

Jino lenye usaha kwa mtoto mdogo kwa kawaida hung'olewa. Hapo kung'oa ndiyo matibabu yenyewe. Dawa za kuua vijidudu peke yake hupunguza uvimbe kwa siku chache, halafu usaha hurudi kwa sababu chanzo bado kipo. Usinunue vidonge hivyo dukani na kumpa mtoto kila mara anapolia.

Usikubali jino ling'olewe na mtu wa mtaani. Vyombo visivyochemshwa ipasavyo hupitisha UKIMWI na homa ya ini. Una haki ya kuuliza: "Vyombo hivi vimesafishwa vipi?" na kumtaka avae glavu mpya.

WAPI PA KWENDA KAMPALA?

Uganda iliondoa malipo katika vituo vya afya vya serikali mwaka 2001, isipokuwa sehemu za kulipia katika hospitali. Kwa sera ya nchi, mkimbizi hutumia vituo hivyo sawa na raia. Anza na kituo cha serikali kilicho karibu nawe. Vituo vya ngazi ya IV, kama Kisenyi Health Centre IV katikati ya mji, ndivyo vinavyopangiwa afisa wa meno. Kesi ngumu hupelekwa hospitali ya rufaa ya Mulago, yenye idara ya meno. Makambini, anza na kituo cha kambi, au muulize mhudumu wa afya wa kijiji siku ambayo mganga wa meno yupo.

Fika asubuhi mapema. Beba karatasi yako ya ukimbizi na daftari la mtoto la matibabu. Kama dawa ya ganzi au ya kuzibia imekwisha, uliza itapatikana siku gani au wakuandikie barua ya kwenda kwingine. Ukiombwa pesa, omba risiti.

Kama lugha ni kikwazo, nenda na jirani anayejua Kiganda au Kiingereza. Ukiwa peke yako, sema hivi kwa Kiganda: "Omwana wange erinnyo limuluma", yaani "Mtoto wangu jino linamuuma." Kisha onyesha kwa kidole.

DALILI ZA HATARI: NENDA LEO HII

- Shavu, taya au chini ya jicho pamevimba, na mtoto ana homa.
- Pamevimba chini ya kidevu au chini ya ulimi, mtoto anashindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri.
- Mtoto amelegea, hali wala hanywi.
- Fizi ina kidonda kinachonuka vibaya na kuenea haraka, hasa kwa mtoto aliyedhoofu au aliyetoka kuugua surua. Huenda ni noma, ugonjwa unaokula uso kwa siku chache. Ukiwahi, dawa na chakula bora huutibu.

Usiku, wakati unangoja kupambazuka, safisha shimo la jino kwa kitambaa na maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo. Mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake kama ulivyoelekezwa. Usimpe aspirini, wala usiipondeponde kwenye jino, itamuunguza fizi. Kamwe usiweke maji ya betri, petroli, tumbaku wala dawa ya wadudu.

MASWALI MNAYOULIZA

Meno yangu mabovu, je, mtoto amerithi? Mara nyingi kinachorithiwa ni mazoea ya nyumbani: sukari ile ile na kukosa mswaki. Hayo yanaweza kubadilishwa.

Mtoto wangu hulia nikimpigia mswaki, nifanye nini? Imba naye, hesabu meno pamoja naye, aone wewe ukipiga wako. Akilia siku za mwanzo, endelea kwa upole. Atazoea kama alivyozoea kuogeshwa.

Mimba hunyonya madini ya meno yangu? Hapana. Ila mama mjamzito hupata fizi za kuvimba kwa urahisi na hula mara kwa mara, kwa hiyo apige mswaki zaidi, na anaweza kutibiwa meno.

KUMBUKA

Leo jioni, kabla ya kuzima taa, inua mdomo wa mtoto wako uangalie. Ukiona doa jeupe, anza mswaki usiku huu. Ukiona shimo, panga siku ya kwenda kituoni wiki hii. Ukiona uvimbe, usilale nao.

Ukishamaliza kusoma, mpe jirani ukurasa huu, au umsomee mama asiyejua kusoma. Vita vimewanyang'anya watoto wetu mengi tusiyoweza kuwarudishia. Meno yao tunaweza kuyalinda.